Hedhi ilikoma zamani, maumivu haya yatoka wapi?

Mpenzi msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wa umri wa nyanya zetu hawalitaji hata wakiwa peke yao jikoni. Hata mimi nisingelijua kama si shangazi yangu wa Kangemi. Amenipa ruhusa kuliandika, mradi nisimtaje jina.

Mwaka 2022 shangazi alikuwa na miaka 69. Alikuwa na kisukari, mwili mkubwa, na duka dogo ambalo hakutaka kulifunga hata siku moja. Mwezi wa Machi alianza kuhisi maumivu chini ya kitovu. Yalikuja, yakakaa siku tatu au nne, yakaenda. Kisha yakarudi. Alijifunga leso kiunoni na kuendelea na kazi.

Alipozidiwa alipanda matatu hadi mjini, akaingia duka la dawa na kupewa tembe za vidonda vya tumbo. Hazikusaidia. Zahanati moja ikampa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo. Mahali pa tatu nilimsindikiza mimi mwenyewe. Kijana aliyetuhudumia alimwuliza kwa heshima, "Hedhi ilikoma lini, mama?" Shangazi akajibu, "Zamani sana, mwanangu." Kijana akaandika, na habari ya tumbo la uzazi ikaishia hapo. Tulirudi Kangemi na dawa za kutuliza maumivu. Kutoka Westlands hadi tulipoteremka, shangazi hakusema neno.

Mahali pa nne tulimkuta muuguzi mmoja wa makamo. Huyo alimwuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: "Nyanya, uliwahi kuoshwa tumbo ulipokuwa msichana?"

Shangazi alinitazama. Akatazama sakafu. Kisha akasema polepole, "Mara mbili. Mwaka wa 1984."

Msomaji, swali hilo moja ndilo lililomwokoa shangazi. Na ndilo nataka ulibebe leo kutoka ukurasa huu.

Makovu yasiyoonekana

Mwaka 1984 shangazi alikuwa na miaka 31. Mimba yake ya nne iliharibika ikiwa na miezi minne. Alipelekwa hospitalini akasafishwa. Damu haikukata, akasafishwa tena baada ya siku kumi. Tangu hapo hakuona hedhi tena. Aliambiwa kwamba "amekatika mapema", akaamini. Watu wa upande wa mumewe nao wakasema yao.

Kumbe hakuwa amekatika. Nyumba ya uzazi ina utando laini ndani yake, ambao kila mwezi hunenepa na kutoka kama damu. Utando huo ukikwanguliwa mno, hasa mimba ikiwa imetoka karibuni au mama akiwa amejifungua wiki chache zilizopita, kuta za ndani hubaki na vidonda. Vidonda hivyo vikipona, ukuta wa mbele unaweza kushikana na ule wa nyuma kwa makovu. Kwa mwanamke mmoja huwa ni uzi mwembamba tu. Kwa mwingine nyumba nzima hufungika, au mlango wake huzibika.

Daktari wa Kijerumani, Heinrich Fritsch, aliandika juu ya hali hii mwaka 1894. Mwaka 1948 daktari Joseph Asherman aliieleza kwa kirefu, na hadi leo madaktari huiita kwa jina lake, ugonjwa wa Asherman.

Si kusafishwa peke yake kunakoleta makovu. Kondo la nyuma lililobaki na kutolewa kwa kukwanguliwa, upasuaji wa uvimbe ndani ya nyumba ya uzazi, na kifua kikuu kinachoingia viungo vya uzazi pia huyaleta. Mama aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa miale naye anaweza kuzibika mlango.

Hapa Nairobi jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi mama aliyeharibikiwa na mimba alisafishwa kwa kijiko cha chuma chenye makali. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ambapo Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza kutumia bomba la plastiki linalofyonza kwa nguvu ya hewa, ambalo huumiza utando kwa kiasi kidogo zaidi. Baadaye njia hiyo ikaenea. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi kwamba ukwanguaji wa kijiko umepitwa na wakati, na mahali pake pachukuliwe na bomba au dawa.

Sasa piga hesabu, msomaji. Msichana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1985 leo amepita 60. Wasichana wale waliokwanguliwa hospitalini, na wengine waliokwanguliwa kwa siri katika vyumba vya nyuma, leo ndio nyanya zetu wa Kangemi, Kawangware, Uthiru na Dagoretti. Wengi wao hawajamwambia mtu.

Je, kuna haja ya kuhofu?

Kwa wengi, hapana. Hili nalisema mapema ili pasiwe na mtu wa kukosa usingizi usiku wa leo. Mama aliyekoma hedhi anaweza kukaa na makovu haya hadi mwisho wa maisha yake bila kuhisi lolote. Hana hedhi ya kuzuiwa wala mimba ya kutafuta. Kama huhisi kitu, huhitaji kufunguliwa wala kupasuliwa.

Shida huja pale kitu kinapotaka kutoka na njia imefungwa. Baada ya hedhi kukoma, mwili hupunguza homoni ya kike, na mlango wa nyumba ya uzazi husinyaa hata kwa mama asiye na kovu. Ukiongeza makovu ya zamani, mlango unaweza kuzibika kabisa. Basi ikitokea damu au majimaji ndani, hayatoki. Hukusanyika, na mara nyingine huingiliwa na vijidudu yakawa usaha.

Na sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Saratani ya nyumba ya uzazi hujitangaza kwa damu. Kati ya kila wanawake 100 wenye saratani hiyo baada ya hedhi kukoma, takriban 90 huona damu. Ndiyo maana hugunduliwa mapema ikiwa mama atakwenda hospitalini. Lakini kwa mama aliyeshikana makovu, tarishi huyo anaweza kufungiwa ndani. Damu ipo, ila haionekani. Kinachobaki kumpa habari ni maumivu, na maumivu ya mwanamke mzee hayasikizwi na wengi. Huambiwa ni vidonda vya tumbo, ni gesi, ni uzee.

Dalili za kuangalia

Ukiwa umekoma hedhi, na uliwahi kusafishwa au kupatwa na mojawapo ya mambo niliyotaja, zishike dalili hizi.

Ya kwanza ni maumivu chini ya kitovu yanayofanana na yale ya hedhi au uchungu mwepesi wa uzazi. Huweza kuja na kwenda, au kukaa kama uzito unaovuta chini. Kama uliaga maumivu hayo miaka kumi iliyopita na sasa yamerudi, usiyakaribishe kama rafiki wa zamani.

Ya pili ni damu yoyote. Nasema yoyote. Tone moja kwenye nguo ya ndani, rangi ya kahawia kama chai ya rangi, au wekundu mwepesi baada ya kukutana na mzee. Kuna akina mama wanaosema "mwezi umerudi" na kucheka kwamba ujana umerudi. Mwezi haurudi. Ikiwa umemaliza miezi 12 bila hedhi, damu itakayokuja baada ya hapo ni ya kuchunguzwa. Usife moyo lakini, maana kati ya kila wanawake 100 wanaotokwa na damu hiyo, takriban 9 ndio hukutwa na saratani. Wengine huwa na ukavu wa uke, vinyama visivyo na madhara, au jambo jingine linalotibika. Ila hakuna njia ya kujua wewe ni wa kundi gani kwa kukaa nyumbani.

Ya tatu ni uchafu usio wa kawaida: majimaji mengi, usaha, au harufu mbaya isiyoisha hata ukioga.

Ya nne ni tumbo kujaa au kuwa gumu chini ya kitovu, pengine pamoja na kwenda haja ndogo mara kwa mara.

Ya tano ni ya haraka. Maumivu makali ya tumbo pamoja na homa na kutetemeka yanaweza kumaanisha usaha umekusanyika ndani. Usingoje kesho. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa waliokosa hedhi tangu ujana

Kuna mama mmoja ambaye hesabu ya miezi 12 haimfai. Huyo ni yule ambaye, kama shangazi, hedhi yake ilikoma alipokuwa msichana, mara tu baada ya kusafishwa.

Makovu hufunga nyumba ya uzazi, lakini hayagusi ovari zinazotoa mayai na homoni. Mwili wake huendelea kama wa wenzake mpaka umri wa kukoma hedhi, ambao kwa wanawake wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Shangazi alipofika 50 alianza kushikwa na joto la ghafla na jasho la usiku. Alikunywa dawa za malaria mara mbili. Huko ndiko kukatika kwenyewe, na hakuna aliyemweleza.

Kama hii ni habari yako, elewa kwamba ndani yako huenda kuna sehemu ndogo za utando zilizobaki hai, kama visiwa katikati ya makovu. Visiwa hivyo vinaweza kupata maradhi kama utando wa mwanamke mwingine yeyote. Usiseme, "Mimi sijaona damu miaka 30, saratani ya nyumba ya uzazi hainihusu." Inakuhusu, hasa ukiwa na mwili mkubwa au kisukari, au ukiwa unameza tamoksifeni baada ya saratani ya matiti. Na ukipewa homoni ya estrojeni kwa ajili ya joto lile, mkumbushe daktari kwamba nyumba ya uzazi bado unayo, ili akupe pamoja nayo homoni ya pili inayoulinda utando.

Utakachokutana nacho hospitalini

Wengi huogopa kwa kutojua watakachofanyiwa. Kwanza utaulizwa maswali, kisha utapimwa sehemu za siri. Una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke, au mtu wako awe chumbani nawe.

Halafu kuna picha ya altrasaundi. Kwa mama aliyekoma hedhi na anayetokwa na damu, utando wenye unene wa milimita 4 au chini ya hapo huwapa madaktari moyo kwamba hakuna saratani. Penye makovu, hata hivyo, picha hiyo husomeka kwa shida. Damu ikiendelea au maumivu yakizidi, rudi, hata kama picha ya kwanza ilisemwa kuwa nzuri.

Daktari anaweza pia kuchukua kipande kidogo cha utando kikapimwe maabara, au kuingiza bomba jembamba lenye kamera aone ndani kwa macho yake. Kama mlango umezibika, hufunguliwa taratibu, na kilichokusanyika hutolewa.

Sikiza jambo hili kwa makini. Ukiambiwa, "Njia imefungika, hatukuweza kupata kipande," hilo si jibu. Hukuambiwa huna ugonjwa. Umeambiwa tu kwamba hapajaangaliwa. Uliza, "Sasa tutaangalia kwa njia gani nyingine, na lini?" Omba barua ya kupelekwa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali kubwa zaidi.

Tena, usichanganye vipimo. Kile kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi tunachohimizwa kufanya katika vituo vya afya ni muhimu mno, kwa kuwa saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Lakini huchunguza mlango. Hakiwezi kukuambia ndani ya nyumba kuna nini.

Kuhusu pesa, kama umejiandikisha na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, uliza kabla ya kupimwa ni nini kinacholipiwa na ni nini utatoa mfukoni. Kuuliza si aibu.

Na tafadhali, usijifukize wala kujiingizia mitishamba ili "kufungua njia". Njia iliyofungwa na kovu haifunguki kwa majani, na unaweza kuongeza moto penye usaha.

Neno la kumwambia daktari

Msemo wa wahenga unasema mficha uchi hazai. Shangazi alificha miaka 38, na ninamwelewa. Wakati wake mwanamke aliyeharibikiwa na mimba alinyoshewa kidole, sembuse aliyekwenda kusafishwa kwa hiari yake. Wengine wenu mna siri ambayo hata mume hakuijua hadi akazikwa.

Sikuombi uitangaze siri hiyo. Daktari hahitaji kujua ni kwa nini ulisafishwa, wala mimba ilikuwa ya nani. Anahitaji kujua kwamba ulisafishwa, na ni mara ngapi. Sentensi moja inatosha: "Daktari, nilipokuwa msichana nilisafishwa tumbo." Kama mdomo unakataa, iandike kwenye karatasi umpe mkononi. Andika pia mwaka, kama hedhi ilirudi au haikurudi, miaka uliyokuwa nayo joto la ghafla lilipoanza, kama uliwahi kuugua kifua kikuu, na dawa unazomeza. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitambulisho chako.

Na nyinyi mabinti mnaowasindikiza mama zenu, mtu akifika kwenye swali hilo, tokeni nje kidogo bila kuombwa. Semeni mnakwenda kununua maji. Siku ile mimi nilibaki nimekaa kama kisiki, na shangazi akalazimika kusema mbele yangu jambo ambalo hakuwa amemwambia hata dada yake, mama yangu.

Ikiwa wewe ni muuguzi au daktari na unasoma ukurasa huu, usiishie kwenye "Hedhi ilikoma lini?" Ongeza moja: "Uliwahi kuoshwa tumbo?" Halimalizi dakika.

Yaliyompata shangazi

Altrasaundi ilionyesha kitu kimejaa nyuma ya mlango uliozibika. Alipofunguliwa ilitoka damu nyeusi iliyokuwa imekaa siku nyingi. Kipande kilipelekwa maabara. Tulingoja majibu wiki mbili, na katika wiki hizo alipanga bidhaa za duka lake upya mara tatu.

Majibu yalisema utando uliobaki ulikuwa umeanza kugeuka, bado haujawa saratani, lakini ulikuwa njiani. Madaktari walishauri nyumba ya uzazi itolewe, naye akakubali. Ilipotolewa ikachunguzwa yote, na saratani haikuonekana. Leo amerudi dukani. Kisukari bado anacho, na maneno mengi kuliko zamani.

Nilipomwambia nataka kuandika habari hii, alifikiri kidogo akasema, "Andika, mwanangu. Kuna wenzangu watatu hapa mtaani najua nao walioshwa. Mimi siwezi kuwaambia. Lakini gazeti wataazimana."

Basi, msomaji mpenzi, ukimaliza kusoma usilifungie sukari gazeti hili kwanza. Mpe mama. Kama hasomi, msomee, na ukifika kwenye dalili, soma polepole.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.